Shamba la Juu Lililoko Chini

Jumapili ile Manie Apollis hakungoja hata mchungaji amalize kupeana mikono na waumini mlangoni. Alisimama kwenye ngazi za kanisa, kofia mkononi, suti yake ya kijivu imefungwa vifungo vyote, akaanza kuisifu mashine ya kupandia. Sisi watu wa Rusbron tulisogea kumsikiliza, maana mwaka mzima uliopita mtu huyohuyo alikuwa akiitukana.

“Shamba zima la Juu, jamani! Toka kijitoni mpaka kwenye uzio. Jana, peke yangu. Nilipomaliza nikafunua tangi la mbegu, nikazamisha mkono. Mnajua nilikuta nini?”

“Panya,” alisema Gert Afrika, mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya usharika, na ngazi nzima ikacheka.

“Mbegu, Gert! Tangi limejaa utadhani sikupanda kitu!” Manie alipiga paja kwa kofia. “Zamani tulikuwa tunamwaga ngano kama tunalisha kuku. Hii inapima. Penye udongo wenye nguvu inaweka kidogo, penye udongo uliochoka inaongeza mbolea. Mkwe wangu alinieleza, nikabisha. Sasa sibishi tena. Mimi na setilaiti inayoiongoza tunaelewana.”

“Inakujua jina?” aliuliza mtu wa nyuma.

“Inanijua kuliko mkeo anavyokujua wewe.”

Kicheko kilikuwa kikubwa, na Manie alikifurahia kama mtu aliyerudishiwa ujana. Katika mitaa yetu hii ya ngano mwanamume hupimwa kwa mistari yake. Ngano ikichipua, kilima kizima kinakuwa wazi mbele ya barabara ya kanisa, na aliyepanda mshazari atachekwa mpaka mavuno. Manie hajawahi kuchekwa. Alikuwa na haki ya kujisifu kidogo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Berenice, mke wa mwanawe Waldo, alikuwa amesimama kando ameshika vitabu vya nyimbo. Waldo yuko baharini na meli za samaki, mkewe anafanya kazi ofisi ya kilimo mjini, na ndiye aliyeileta mashine ya kupandia ambayo kaya kadhaa zinapokezana. Ijumaa alipanda shamba la kwanza la familia mwenyewe. Jumamosi alikuwa na mkutano mjini, na baba mkwe wake hakutaka kungoja.

“Baba,” alimwita kwa sauti ya chini, “tangi lilijaa mpaka wapi?”

“Mpaka hapa.” Manie alionyesha kiwiko chake, kwa fahari.

“Ijumaa pia niliacha mpaka hapo,” alisema Berenice. “Twendeni nyumbani tukale.”

Mezani kulikuwa na mguu wa kondoo, viazi vya kuoka, na wali wa manjano wenye zabibu kavu. Berenice aliushika uma bila kuutumia.

“Baba, jana kwenye skrini ulichagua shamba gani?”

“La Juu. Nilikuwa Juu, ningechagua lipi?”

“La Juu ni lile la kilimani, nyuma ya nyumba. Nililipanda Ijumaa.”

Manie alicheka. “Lile ni la Bibi, mwanangu.”

“La Bibi si lile la kijitoni?”

“La kijitoni ni la Juu.”

“Baba, la kijitoni liko chini!”

“Ndiyo. La Juu liko chini,” alisema Katriena, mama mkwe wake, akimwongezea wali. “Tangu enzi za babu yake. Kula, wewe.”

Ni kweli. Babu yake Manie alikuwa na shamba mlimani, likiitwa la Juu kwa haki kabisa. Akabadilishana na jirani, akachukua hili la bondeni lenye udongo mzito. Shamba aliliacha kule, jina akahama nalo. Hapa Rusbron hakuna anayeona ajabu. Ukimtuma mtoto aende Juu, anateremka. Lakini Berenice kaolewa huku juzijuzi. Siku aliyopima udongo aliuliza majina, na baba mkwe wake, kichwa kikiwa ndani ya injini ya trekta, alimjibu, “Kuna la Juu na la Bibi.” Basi. Mtoto wa watu akaandika kama alivyoona kwa macho yake.

Aliweka uma chini. “Mama, Baba, nisikilizeni. Mashine inafuata ramani. Ramani niliyoiita Juu ni ya kilimani. Ukiifungua ukiwa kijitoni, inajiona iko nje ya ramani, na nje ya ramani haitoi kitu. Haitoi punje wala mbolea. Inapiga kelele tu.”

“Ilipiga,” Manie alikiri taratibu. “Nilibonyeza, ikanyamaza. Ikapiga tena, nikabonyeza tena. Nilidhani inanipongeza.”

Katriena aliweka bakuli la wali mezani kwa kishindo. Kisha akachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, akakifuta kwa aproni, akatoka nje. Wale wawili wakamfuata.

Shamba lilikuwa zuri kulitazama. Mistari ilinyooka toka kijitoni hadi kwenye uzio, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kuyumba. Katriena alipiga magoti akachimba kwa kijiko. Udongo. Akasogea mstari wa pili, akachimba. Udongo na mnyoo. Berenice alichimba kwa vidole. Mwishowe Manie naye alipiga magoti na suruali yake ya kanisani, akapapasa ndani ya mtaro kama mtu anayetafuta pete. Alipapasa hapa, akapapasa pale, akainuka mikono mitupu.

“Nimelima hewa,” alisema.

Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kaskazini-magharibi, na unanuka bahari. Mawingu yalikuwa yameanza kujipanga mstari kule mbali. Redio ilikuwa imesema mvua ingefika jioni, nayo ingekaa juma zima. Udongo wa pale ukilowa hauingiliki. Trekta inazama mpaka kwenye ekseli, na ukija kukauka msimu wa kupanda umeshapita. Na sheria ya usharika wetu kila mtu anaijua: shamba likikaa msimu mzima bila kupandwa, linarudi kwa kamati, linapewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Rowan, mkwe wa Gert Afrika.

“Mbegu ipo,” Berenice alisema haraka. “Mbolea ipo. Nikirekebisha ramani sasa hivi tunaweza kumaliza kabla ya mvua.”

“Leo Jumapili,” alisema Katriena.

Tangu wamisionari wa kwanza wapige kengele hapa, injini haijawahi kunguruma shambani siku ya Jumapili.

“Kosa ni langu,” alisema Berenice, na machozi yakamlengalenga. “Ningeuliza vizuri. Lakini Baba, chini ya jina niliweka na picha ya shamba. Kijito hakikuwepo kwenye picha. Hukuona?”

Manie alitazama viatu vyake.

“Ulichaguaje?”

“Kulikuwa na neno refu na neno fupi,” alisema. “Juu ni fupi.”

“Hukulisoma?”

“Nililiona kuwa fupi.”

Katriena alikung'uta udongo kwenye kijiko. “Hasomi, mwanangu. Haoni. Unadhani kanisani naimba mstari wa kwanza kwa nguvu vile kwa sababu gani? Watu wanasema Katriena anaringia sauti. Namwimbia huyu ajue tuko ubeti gani.”

Manie alimgeukia mkewe, mdomo wazi. “Wewe ulijua?”

“Kahawa nakumiminia kwenye kikombe cheupe tangu lini? Nguo zako nakupangia kitandani kwa mpangilio wa kuvaa tangu lini? Juzi ulimsalimia mbuzi wa Gert ukamwuliza hali ya miguu yake.”

“Mbona hukusema?”

“Mbona wewe hukusema?”

Manie alikuwa ameogopa jambo moja tu, nalo alilificha kama mwizi: siku wakijua, watamshusha kwenye trekta, na akishashuka hatapanda tena. Angekuwa mzee wa kukalishwa kibarazani na kupewa mbaazi za kumenya. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

“Naenda kwa Gert,” alisema. “Peke yangu. Njia naijua hata nikifumba macho, na ni kama nimefumba.”

Gert Afrika alikuwa kibarazani na fulana ya ndani, bakuli la pudini juu ya tumbo, mkewe pembeni, Rowan na mkewe kwenye benchi. Manie angependa kuzungumza naye pembeni, lakini Gert hakuwa mtu wa kuinuka akishakula.

“Ndugu Apollis! Setilaiti imekutuma?”

“Nina ombi, Ndugu Afrika. Nataka ruhusa ya kupanda leo.”

“Kupanda nini? Si umemaliza jana?”

“Jana sikupanda.”

“Umetuambia kanisani...”

“Nilisema tangi limejaa utadhani sikupanda kitu.” Manie alivua kofia. “Sikupanda kitu.”

Kijiko kilidondoka bakulini. Kisha Gert Afrika akaanza kucheka. Alianza kwa tumbo, bakuli likarukaruka, akaliokoa, akalia machozi, akapiga ukuta kwa kiganja. Mkewe alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. Hata majirani walitoa vichwa madirishani kuuliza nani kafa.

“Shamba zima!” Gert alihema. “Toka kijitoni mpaka kwenye uzio!”

“Mpaka kwenye uzio,” alikubali Manie. Alisimama palepale kwenye jua, akachekwa mpaka wakachoka. Masikio yalimwaka moto. Alitamani kuondoka, lakini shamba lilikuwa bado halijapandwa, basi akabaki.

“Na ile mashine haikukuonya?” aliuliza Gert, akijifuta macho.

“Ilinionya kwa maandishi.” Akavuta pumzi. “Sioni, Gert. Macho yote mawili yana ukungu. Mwaka wa pili sasa. Hapo ulipo naona kitu kinene kinachotikisika.”

Kicheko kilikatika. Gert aliweka bakuli chini. Hawa wawili walibatizwa siku moja na walipiga pamoja kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa tangu ujana.

“Mvua ya leo ikinyesha kabla sijapanda,” alisema Manie, “shamba ni la Rowan. Najua. Sikuja kukuomba upindishe sheria ya ardhi. Nakuomba Jumapili tu.”

Rowan alikohoa. “Baba, sheria ya Jumapili nayo ni sheria.”

“Nyamaza, Rowan,” alisema Gert. “Utapata shamba mtu akifa au akihama. Hutapata shamba kwa sababu mzee mwenzangu kabonyeza kitufe kibaya.” Alianza kutafuta shati lake. “Bwana mwenyewe aliuliza, ng'ombe wa nani akitumbukia kisimani asitolewe siku ya Sabato? Na la Juu, kwa jinsi lilivyo chini, limeshatumbukia zamani. Nenda, Manie. Mimi nitasimama getini, atakayeuliza aniulize mimi.”

Berenice alikuwa ameshasawazisha kila kitu. Alimkuta baba mkwe wake amesimama kando ya trekta, hapandi.

“Endesha wewe,” Manie alisema. “Mtu asiyeona hafai.”

“Mimi sijui ule upande wa kijito, Baba. Nani ataniambia ardhi inaanza kulegea wapi?”

“Utaisikia makalioni. Kiti kinacheza.”

“Makalio yangu ni ya ofisini. Panda.” Akamsukuma mgongoni kama anavyosukumwa mtoto kwenye basi la shule. “Katikati ya shamba trekta inajiongoza yenyewe, wewe usiguse usukani. Ukiugusa tu, inakuachia kazi. Mwisho wa mstari ndipo unageuza wewe. Mimi nitakusomea skrini.”

Akafungua ramani. “Imeandikwa La Juu, na picha ina kijito. Rangi nyekundu ni mbolea nyingi, kijani ni kidogo. Inauliza tuanze?”

“Iambie tuanze.”

Mashine ikalia mara moja, kwa upole. Safari hii mbegu zilisikika zikiteremka kwenye mirija, zikichakarika kama mvua ndogo juu ya bati. Manie aliinamisha kichwa kusikiliza. Jana aliifanya kazi nzima bila sauti ile, na hakushtuka! Akaanza kujicheka, kwanza kidogo, kisha sana, na Berenice naye akashindwa kujizuia, trekta ikawa inakwenda moja kwa moja huku waliomo ndani wamejiinamia kwa kicheko.

Usukani ulikuwa ukijigeuza wenyewe, kidogo huku, kidogo kule. Matairi yalipita mlemle yalimopita jana, bila kukosea hata upana wa kidole. Manie aliweka mikono mapajani, akaikalia, maana ilikuwa inawasha kwa hamu ya kushika. Kila walipofika upande wa kijito alisema, “Hapa, geuza sasa,” akageuza mwenyewe, na kila mara Berenice akachungulia akaona maji yanang'aa hatua chache mbele.

Rusbron nzima ilikuwa imetoka. Injini siku ya Jumapili! Watu walijipanga kwenye uzio na nguo zao za kanisani, wengine na sahani mkononi, na Gert getini akiwaeleza mmoja mmoja kuhusu ng'ombe na kisima. Vijana wa bendi waliokuwa wakielekea mazoezini walisimama hapohapo wakapiga matarumbeta yao, wimbo wa mavuno, ingawa mavuno yalikuwa mbali.

“Mzee Manie!” mtu alipaza sauti. “Leo umekumbuka mbegu?”

Manie alifungua dirisha. “Njoo ushike tangi uone linavyopungua!”

Mawingu yalikuwa yamefunika kilima. Ilibaki mistari michache. Berenice alikuwa ameinamia skrini, anasoma, “Kijani, kijani, sasa nyekundu,” wala hakuinua kichwa. Ghafla Manie akapiga ukelele, akaunyakua usukani kwa mikono miwili, trekta ikapinda kushoto kama farasi aliyeona nyoka, kisha ikasimama.

Kando ya gurudumu la kulia, pale ambapo mstari ungepita, alikuwa Katriena. Gauni lake la buluu la kanisani, birika la kahawa mkono mmoja, mkate wenye nyama ya kondoo mkono wa pili. Alikuwa amekatiza shamba akidhani wamemwona, kama mtu yeyote anavyodhani.

“Mashine yenu inataka kunipanda kama ngano?” alifoka.

Manie aliteremka, akajikwaa, akamfikia. “Mashine haikukuona.”

“Na wewe?”

“Sura sikuiona. Niliona mwendo. Anayetembea hivyo, kama anakwenda kugombana na mtu, yuko mmoja tu.”

Katriena alimshikisha birika, akamshika uso kwa mkono uliobaki mtupu, mbele ya Rusbron nzima, na kwenye uzio watu wakapiga miluzi. Berenice alikuwa bado ameketi ndani ya trekta, mikono kifuani, analia na kucheka. Kahawa waliinywa wima, kwa kupokezana, kisha Katriena akaagizwa apite pembeni, na mistari iliyobaki ikapandwa. Tone la kwanza liliangukia kioo cha trekta wakati wanatoka getini. Gert Afrika alilitazama, akatazama tope likianza kwenye viatu vyake, akasema kwa sauti ya mwenyekiti, “Shamba limepandwa.” Mvua ikateremka, watu wakakimbia na sahani zao vichwani.

Ngano ilichipua wakati Manie yuko kwenye foleni ya hospitali ya mjini. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, alikatazwa kutoka nje, akakaa ndani kwa shida, akiuliza kila aliyeingia, “Imenyooka?” Kila mtu alimjibu, “Utaiona mwenyewe.”

Jumapili ya kwanza aliyoruhusiwa, alitembea na Katriena kwenye barabara ya kanisa. Alipofika pale ambapo sote husimama, aliinua kofia. Bonde lote la Juu lilikuwa kijani kibichi, mistari imenyooka toka kijitoni mpaka kwenye uzio, na jani moja moja aliliona. Alilia, wala hakujificha.

Wanaume walimpisha. Gert Afrika alikunja macho kama fundi anayekagua ukuta.

“Imenyooka, Ndugu Apollis. Hilo siwezi kukataa. Lakini pale katikati, mbona umeteleza? Pana kiwiko kabisa.”

Kweli palikuwepo. Mistari yote ilikuwa imesimama kama askari, ila pito moja la trekta likajitokeza kando, likazunguka kitu kisichoonekana, likarudi. Kilikuwa kiwiko cha kwanza katika maisha yake yote ya kupanda, na kilionekana mpaka mtaa wa pili. Berenice, aliyekuwa nyuma yao, alijitahidi kumtetea. “Mwakani nitairekebisha ramani, Baba. Itanyooka yote.”

Manie alikitazama kiwiko kile kwa jicho lake jipya. Kisha akautafuta mkono wa mkewe, bila kupapasa, akaushika.

“Pale,” aliwaambia wanaume wote, “alikuwa amesimama mke wangu.”

“Nilikuwa natembea,” alisema Katriena.